Mgonjwa wa Kifua Katika Chumba cha Kambi: Matayarisho na Uuguzi wa Nyumbani



Tuchukue mfano ambao kila kambi ya shamba inaufahamu. Mchuma chai ameanza kukohoa siku ya Jumatatu. Jumanne mwili unamwuma, lakini anakwenda kazini hivyo hivyo, kwa kuwa majani hupimwa kwa kilo na kikapu kitupu hakina malipo. Jumatano anakwenda tena, mvua inamnyea. Alhamisi hawezi kuamka. Mkewe anawasha sigiri ndani ya chumba ili mgonjwa apate joto, anafunga dirisha, kisha anampa vidonge viwili vya antibayotiki vilivyobaki kwa jirani. Jumamosi mtoto wao wa miezi minane naye anapumua mbio mbio. Nyumba haina nauli, na hakuna anayejua ni kituo gani cha afya chenye oksijeni. Usiku wa manane wanatafuta pikipiki ya kukopa.

Watu hawa si wazembe. Wamefanya walichokijua. Lakini ukitazama vizuri, karibu kila jambo lililowaletea taabu lingeweza kutengenezwa siku nyingi kabla ya kikohozi cha kwanza. Ndiyo maana makala hii inaanza na matayarisho, kisha inaeleza uuguzi, dalili za hatari, na mwisho haki za mfanyakazi mgonjwa.

KWA NINI SISI

Magonjwa mengi ya kifua husafiri kwa pumzi. Mtu akikohoa, akipiga chafya au hata akizungumza, hutoa matone madogo sana yenye vijidudu. Mengine huanguka karibu, na mengine huelea hewani kwa muda. Penye hewa nyingi matone hayo hutawanyika, lakini katika chumba kilichofungwa hubaki na kuvutwa na wengine. Basi jifikirie mwenyewe: chumba kimoja cha kambi wanalala watu watano au sita, trela moja linabeba wakata miwa wote wa zamu, na ukumbi mmoja wa kiwanda una madirisha ya juu yasiyofunguka. Ugonjwa hauna haja ya kututafuta.

Jambo hili si geni. Mwaka 1918 homa kubwa ya mafua iliingia Afrika ya Mashariki kwa njia ya bandari, ikapanda bara pamoja na reli na wapagazi waliokuwa wakirudi kutoka vitani. Na mwaka 2020 tuliona korona ikipita njia zile zile za watu wa kazi: bandari, barabara za malori, masoko na viwanda. Shirika la Afya Duniani lilitangaza Mei 2023 kwamba hali ya dharura ya korona imekwisha, lakini kirusi chenyewe hakikwenda kwao. Bado kipo pamoja na mafua ya kawaida, homa kali ya mafua, na homa ya mapafu ambayo wengi huiita kichomi.

Kwa siku za mwanzo, mtu aliye nyumbani hawezi kujua kwa macho ni ugonjwa upi kati ya hiyo. Hilo lisikusumbue sana. Uuguzi wa nyumbani ni mmoja, na dalili za kumkimbiza mgonjwa kwa daktari zinakaribiana. Ila kumbuka jambo moja: hapa kwetu homa huweza kuwa malaria. Mwenye homa apimwe damu mapema, asikae akidhani ni mafua tu.

MATAYARISHO KABLA YA UGONJWA

Nunua au kusanya kidogo kidogo vitu hivi, uviweke pamoja mahali pasipofikiwa na watoto:

1. Vidonge vya parasetamo, na dawa ya maji ya parasetamo ikiwa nyumba ina mtoto. Soma tarehe ya kwisha nguvu.

2. Paketi chache za chumvi za maji, zile zinazotumika kwa mgonjwa wa kuhara. Zafaa pia kwa mwenye homa anayetoka jasho jingi na kukataa chakula.

3. Sabuni, ndoo au dumu lenye bomba la kunawia, na chombo chenye mfuniko cha kuwekea maji ya kunywa yaliyochemshwa.

4. Barakoa kadhaa za kuvaa mgonjwa na mwuguzi wake.

5. Kipima homa. Kama bei ni kubwa kwa mtu mmoja, nyumba kumi zaweza kuchangia kimoja.

6. Saa au simu inayoonyesha sekunde, kwa ajili ya kuhesabu pumzi.

7. Nauli. Hii ndiyo dawa inayosahauliwa kuliko zote. Tenga fedha za safari moja ya usiku kwenda kituo cha afya, usiziguse kwa jambo jingine.

Zaidi ya vitu, tayarisha habari. Uliza mapema: Zahanati ya shamba hufungwa saa ngapi? Kituo gani cha afya cha daraja la tatu au la nne kiko karibu, na je, kina oksijeni? Dereva gani wa pikipiki au gari hukubali kutoka usiku, na namba yake ni ipi? Mhudumu wa afya wa kijiji ni nani? Katika vijiji vingi vya Uganda wahudumu hawa wamefundishwa kuhesabu pumzi za watoto walio chini ya miaka mitano, na hutoa vidonge vya kichomi dawa zinapokuwapo. Andika majibu katika karatasi, uibandike nyuma ya mlango.

Na tazama kadi za watoto. Chanjo ya kuzuia vijidudu vinavyoleta kichomi hutolewa kwa mtoto akiwa na wiki 6, 10 na 14, pamoja na chanjo nyingine. Mtoto aliyepitwa apelekwe, asiachwe kwa sababu siku imepita.

CHUMBA KIMOJA, WATU SITA

Vitabu vya afya husema mgonjwa apewe chumba chake. Mwenye chumba kimoja husoma maneno hayo akacheka. Lakini hata katika chumba kimoja kuna la kufanya.

Kwanza, hewa. Fungua mlango na dirisha mchana kutwa, na ikiwa kuna tundu upande wa pili, lifungue nalo ili hewa ipite. Mgonjwa afunikwe blanketi, lakini chumba kisifungwe. Mchana kukiwa na jua, mgonjwa akae nje kivulini. Huko hewa humfaa yeye na wale wanaomzunguka.

Pili, mahali pa kulala. Mgonjwa awe karibu na dirisha. Wengine wageuze vichwa upande wa miguu yake, ili pumzi zao zisikutane. Watoto wachanga, wazee, mama mjamzito na mwenye pumu au kisukari wawe mbali naye kadiri iwezekanavyo. Kama jirani au ndugu ana nafasi, wahamie huko kwa siku chache.

Tatu, mwuguzi awe mmoja. Avae barakoa anapomkaribia mgonjwa, naye mgonjwa avae yake akiwa karibu na wengine, isipokuwa kama anapumua kwa shida. Mtoto mdogo asivalishwe. Mwuguzi anawe mikono kwa sabuni kila anapomaliza kumhudumia. Kikombe, sahani na kijiko cha mgonjwa vioshwe kwa sabuni na maji ya moto, visishirikiwe.

Nne, na hili ni la kufa na kupona: sigiri isilale ndani. Katika nyanda za chai usiku ni wa baridi, na watu wengi huingiza sigiri ya makaa chumbani na kufunga mlango. Makaa yanayowaka hutoa gesi isiyo na rangi wala harufu, nayo huingia katika damu ikachukua nafasi ya oksijeni. Mtu husikia kichwa kinamwuma, analegea, analala, haamki. Mgonjwa wa kifua ambaye tayari ana upungufu wa hewa huathirika upesi zaidi. Moshi wa kuni nao huwasha mapafu, na mtoto anayebebwa mgongoni jikoni huuvuta wote. Pika nje au barazani, na joto la usiku lipatikane kwa blanketi na nguo nzito.

UUGUZI WA SIKU HADI SIKU

Mgonjwa apumzike kweli. Kupumzika si kufua nguo badala ya kwenda shambani.

Anywe maji, uji mwepesi, mchuzi, au chai yenye ndimu, kidogo kidogo na mara kwa mara. Wazee walisema mgonjwa haulizwi uji, nao walikuwa na maana: usingoje aombe, mpelekee. Mkojo mchache wenye rangi nzito ni alama kwamba maji hayatoshi. Kama huna paketi ya chumvi za maji, chemsha lita moja ya maji, yapoe, kisha tia vijiko sita vidogo vya sukari na nusu ya kijiko kidogo cha chumvi, vyote vilivyosawazishwa juu. Usizidishe chumvi. Mtoto anyonye kama kawaida, na zaidi ya kawaida.

Kwa homa na maumivu, mtu mzima anaweza kumeza kidonge kimoja au viwili vya parasetamo vya miligramu 500, akae saa sita ndipo arudie. Visizidi vidonge vinane kwa siku moja, usiku na mchana. Mtu mwembamba sana, mwenye ugonjwa wa ini au mnywaji wa pombe nyingi anahitaji pungufu, basi aulize kwanza. Angalia pia dawa za mafua za dukani, kwa kuwa nyingi zina parasetamo ndani yake, na mtu huweza kuimeza mara mbili bila kujua. Mtoto hupimiwa kwa uzito wake, kwa hiyo fuata maelezo ya mhudumu. Watoto na vijana walio chini ya miaka 16 wasipewe aspirini.

Kikohozi hutulizwa na maji ya moto yenye asali, lakini mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja asilambishwe asali. Kujifukiza juu ya sufuria inayochemka hakuui kirusi, na watoto wengi wameungua kwa namna hiyo.

Juu ya antibayotiki tuseme wazi. Dawa hizi huua bakteria, haziui virusi vya mafua wala vya korona. Vidonge viwili vya jirani haviponyi kichomi, kwa kuwa kichomi huhitaji dawa kamili kwa siku zote zilizoandikwa. Nusu ya dawa huwafundisha vijidudu kuizoea, na siku utakapoihitaji itakuwa kama maji.

KUHESABU PUMZI

Hii ni elimu ndogo inayookoa maisha, na kila mzazi anaweza kujifunza kwa dakika tano.

Ngoja mtoto atulie, asiwe analia wala kunyonya. Pandisha shati uone kifua na tumbo. Kuinuka na kushuka mara moja ni pumzi moja. Hesabu kwa dakika nzima, si nusu, huku ukitazama saa. Mtoto ana pumzi za mbio ikiwa hesabu ni:

– 60 au zaidi, kwa mtoto wa chini ya miezi miwili;
– 50 au zaidi, kwa mtoto wa miezi miwili hadi kufikia mwaka mmoja;
– 40 au zaidi, kwa mtoto wa mwaka mmoja hadi kufikia miaka mitano.

Mtoto mwenye kikohozi na pumzi za mbio apelekwe kwa mhudumu siku ile ile. Mtoto wa chini ya miezi miwili apelekwe mbio, asingoje dawa ya nyumbani. Kwa mtu mzima aliyetulia, pumzi za kawaida ni kati ya 12 na 20. Zikizidi 20 mchunguze tena na tena. Zikifika 30 safari ianze.

Mgonjwa apimwe hivyo asubuhi, mchana na jioni, na hesabu iandikwe katika daftari pamoja na joto la mwili. Daktari akiona daftari hilo anajua ugonjwa unapanda au unashuka. Wakati mwingine mgonjwa wa korona au homa kali ya mafua huonekana kupata nafuu, kisha baada ya wiki hivi hali hugeuka ghafula. Kwa hiyo usiache kuhesabu kwa sababu ameomba chakula mara moja.

DALILI ZA KUONDOKA SASA HIVI

Usingoje kukuche, usingoje mshahara, ukiona mojawapo ya hizi:

– Mgonjwa hawezi kumaliza sentensi bila kutweta.
– Sehemu ya chini ya kifua cha mtoto inaingia ndani anapovuta pumzi, au anatoa sauti ya kukoroma akiwa ametulia.
– Midomo au ulimi umekuwa wa buluu au wa kijivu.
– Amechanganyikiwa, anasinzia mno, au ni vigumu kumwamsha.
– Mtoto hawezi kunyonya wala kunywa, anatapika kila kitu, au amepata degedege.
– Maumivu ya kifua yasiyotulia, au anakohoa damu.
– Kile kipimo cha kidole kinachoonyesha oksijeni kimeshuka chini ya 90. Kikiwa kati ya 90 na 94, mwone mhudumu siku hiyo.

Njiani mgonjwa mwenye shida ya pumzi akalishwe wima, asilazwe chali.

KIKOHOZI CHA WIKI MBILI

Kikohozi kilichofikisha wiki mbili si mafua tena mpaka kipimwe. Mtu atoe makohozi yake yachunguzwe kifua kikuu, hasa akiwa anakonda na kutokwa jasho usiku. Kifua kikuu kinatibika. Matibabu ya kawaida ni miezi sita, na dawa zake hutolewa bila malipo katika vituo vya serikali. Mtu akimeza dawa inayomfaa bila kukosa, baada ya wiki chache za mwanzo huacha kuambukiza wengine. Anayeambukiza sana ni yule anayejificha kwa kuogopa kufukuzwa kazi. Kwa hiyo kumcheka au kumtenga mwenzetu ni kujiletea ugonjwa wenyewe.

Mwambie daktari kazi yako pia. Vumbi la pamba katika viwanda vya nguo huleta kubanwa kifua ambako huwa kwingi siku ya kwanza baada ya mapumziko, kwa kawaida Jumatatu. Kumbi za miwa nazo, yale makapi yaliyokamuliwa, zikiota ukungu huumiza mapafu ya wanaozichota. Dawa ya kikohozi haiondoi vumbi. Vumbi linaondolewa kiwandani.

HAKI YA MFANYAKAZI MGONJWA

Sasa turudi kwa yule mchuma chai wetu. Ikiwa hakupeleka habari wala karatasi, siku alizokosa zinaweza kuhesabiwa kuwa utoro. Lakini Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 inasema mfanyakazi aliyetimiza mwezi mmoja wa kazi mfululizo, akishindwa kufanya kazi kwa sababu ya ugonjwa, anastahili mshahara kamili kwa mwezi wa kwanza wa kutokuwapo. Masharti ni mawili: ampe mwajiri taarifa mapema iwezekanavyo, na akitakiwa alete cheti cha daktari. Tujue pia kwamba ugonjwa ukiendelea mpaka mwisho wa mwezi wa pili, mwajiri anaruhusiwa kumaliza mkataba. Kwa hiyo kutibiwa mapema ni kulinda kazi.

Wenzetu wa nchi jirani wana sheria zao. Nchini Kenya, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mfanyakazi aliyetimiza miezi miwili mfululizo angalau siku 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili na siku 7 kwa nusu mshahara katika kila miezi 12. Tanzania Bara, sheria ya mwaka 2004 inatoa siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, siku 63 kwa mshahara kamili na 63 kwa nusu. Mapatano ya chama na mwajiri yanaweza kuzidi hapo, basi soma ya kwenu.

Na vibarua wasidhani hawahusiki. Kanuni za Ajira za Uganda za mwaka 2011 zinasema kibarua aliyefanya kazi miezi minne mfululizo anastahili mkataba wa maandishi, na tangu hapo si kibarua tena.

Ukiugua, basi, fanya hivi: asubuhi ile ile mtume mtu kwa mnyapara na kwa mjumbe wa chama, au peleka ujumbe wa simu na usiufute. Nenda zahanati, uombe karatasi yenye tarehe. Weka nakala. Rudi kazini homa ikiwa imekwisha kwa saa 24 bila kumeza dawa za kuishusha na mwili ukiwa na nguvu. Kikohozi kidogo chaweza kubaki wiki kadhaa, nawe vaa barakoa.

KAZI YA TAWI

Mambo mengine hayamwezi mtu mmoja. Tawi la chama laweza kununua kipima homa na kipimo cha oksijeni, vikae kwa mjumbe anayejulikana. Laweza kuanzisha mfuko mdogo wa nauli ya wagonjwa, kila mtu achange kidogo siku ya mshahara, na hesabu isomwe mkutanoni. Laweza kuorodhesha madereva wa usiku. Na kwa mwajiri lipeleke madai yanayohusu afya: madirisha yanayofunguka katika nyumba za kambi, majiko ya nje yenye paa, maji ya kunawa, zahanati yenye mtu usiku, na vifaa vya kuzuia vumbi bila kukatwa mshahara, kama Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 inavyotaka.

Mchuma chai mgonjwa aliyekwenda kazini Jumanne kwa kuhofia kilo zake alipoteza siku nyingi kuliko kama angelala siku ile ya kwanza, na nusura apoteze mtoto. Jioni hii, kabla ya kulala, fungua dirisha, toa sigiri nje, kisha mwulize jirani namba ya dereva wa usiku uibandike nyuma ya mlango.

Umoja ni nguvu.